Mashine Mbili, Rejista Moja ya Damu

Katika maisha yangu nimelaumiwa kwa mambo mengi, na mengi nimeyakataa kwa sauti kubwa, maana mimi ni mtu wa hasira na sipendi kusingiziwa. Hili moja hakuna aliyenilaumu. Mkuu wa maabara hakunilaumu, daktari hakunilaumu, hata mume wa marehemu hakunilaumu. Labda ndiyo sababu limenikaa hivi, kwa kuwa sikupata mtu wa kubishana naye.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika hospitali moja ya wafadhili pale Kisumu, miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga. Nasema mtu wa kompyuta kwa sababu cheo chenyewe hakikuwa na jina la kueleweka. Barua yangu ya kazi iliandika karani, wauguzi waliniita fundi, na mama yangu kule nyumbani aliwaambia majirani kuwa mimi ni daktari wa mashine. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha rejista ya benki ya damu inafunguka saa zote. Wakati huo ule ugonjwa ulikuwa umeingia karibu kila boma kando ya ziwa, na damu haikuwa tena kitu cha kumwekea mgonjwa kwa kuangalia kundi tu. Kila mfuko ulipimwa, na mbele ya namba ya mfuko yaliandikwa matokeo: safi, au si safi. Maneno hayo ndiyo yaliyoamua kama mfuko unapelekwa wodini au unapelekwa kuchomwa.

Rejista yote ilikaa ndani ya diski moja, kwenye kabati la chuma katikati ya jengo letu refu la mabati. Nyaya mbili nene zilitoka katika kabati hilo. Moja ilikwenda upande wa maabara, nilikokaa mimi, na nyingine upande wa chumba cha kutolea damu, kule mwisho wa veranda. Kila upande ulikuwa na mashine yake. Wafadhili walituletea mbili kwa sababu walikuwa wamesikia habari za stima yetu na radi yetu, ili moja ikifa, nyingine ichukue kazi palepale. Lakini ni moja tu iliyoruhusiwa kuandika kwenye diski kwa wakati mmoja. Nyingine ilikaa macho, ikimsikiliza mwenzake kupitia waya mwembamba uliopita darini, na kila baada ya sekunde chache ile inayofanya kazi ilituma ishara ya kusema tu kwamba ipo.

Wageni wakija kutazama nilipenda kuwauliza swali. Ishara zikikatika, mashine inayosubiri imejua nini? Wengi walisema imejua kwamba mwenzake amekufa. Nami niliwacheka. Haijajua hivyo. Imejua tu kwamba hamsikii. Huenda kweli amekufa, na huenda ni panya amekula waya, na mwenzake yuko mzima upande wa pili, anaandika kama kawaida. Ukichukua kazi ya mtu aliye hai ukidhani amekufa, mtakuwa wawili kwenye kitabu kimoja, kila mmoja akiandika juu ya mistari ya mwenzake, na kila mmoja akiamini yuko peke yake.

Mkuu wa maabara, mama mmoja mtu mzima kutoka Nyakach, hakucheka wala hakukosea. Alisema, "Hiyo ni kama mtu wetu akiwa safarini halafu anyamaze. Hatumlii. Mtu anatumwa kwanza aende aone na macho yake." Nikamwambia, Mama, wewe ungefaa kuwa mhandisi. Akaniambia nimwache apime damu yake.

Basi mashine zetu zilikuwa na kinga mbili dhidi ya balaa hilo, na lazima nizieleze, maana zote mbili nilizivunja kwa mikono yangu.

Ya kwanza ilikuwa akidi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa ushirika anaijua: wanachama wasipotimia idadi, hamwamui kitu, mnakunywa soda na kurudi nyumbani. Mashine nazo zilikuwa na kura tatu. Moja ya kwangu, moja ya chumba cha kutolea damu, na ya tatu ilikuwa ya kompyuta ndogo iliyowekwa katika ofisi ya utawala, isiyokuwa na kazi nyingine yoyote duniani ila kupiga kura. Mashine iliyotaka kuandika ilihitaji kura mbili. Ikibaki na moja, ilisimama kimya bila kugusa kitu.

Sasa jaribu kuweka kompyuta isiyofanya kazi katika ofisi ya Kenya, uone kama itamaliza mwezi. Katibu wa mkuu wa utawala aliiona imekaa pale inawaka taa bure, akauliza kama anaweza kuitumia kuchapa barua. Akaruhusiwa, na tangu siku hiyo haikupiga kura tena. Nilipokwenda kulalamika, mkuu wa utawala aliniuliza ile mashine inafanya nini. Nikamwambia inapiga kura. Akaniambia uchaguzi umekwisha, nirudi kazini. Walicheka ofisi nzima, na mimi nikatoka nimekasirika.

Baada ya hapo, kila mara mashine moja ilipozimika, nyingine ilisimama kwa kukosa kura ya pili, maabara ikalala, na simu zikaanza kunililia. Nilichoka kuitwa mtu ambaye mashine zake husimama. Siku moja nikakaa, nikafungua mahali panapoandikwa idadi ya kura zinazotakiwa, nikafuta mbili na kuandika moja. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kuanzia hapo kila mashine iliweza kujipitisha yenyewe. Sikumwambia mtu, na kwa miezi kadhaa nilisifiwa kwamba mfumo umetulia.

Kinga ya pili katika kazi yetu huitwa ua, kana kwamba mwenzako ni ng'ombe wa kuzuiwa asiingie shambani. Kilikuwa kisanduku chenye swichi. Kabla mashine haijachukua kazi ya mwenzake aliyenyamaza, ilikiamuru kisanduku kimkatie stima. Awe mzima au awe mfu, anazimwa kwanza, ndipo rejista inaguswa. Wengine waliona ni ukatili. Mimi niliona ni jambo la haki kabisa, na bado naona hivyo.

Radi ilikiunguza kisanduku hicho msimu wa mvua za masika. Nikawaandikia wafadhili, wakajibu kwamba kingine kitakuja kwa meli. Katika kusubiri, nikaweka mtu mahali pa swichi. Upande wa chumba cha kutolea damu alikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi hospitalini tangu kabla sijazaliwa, mpole, mwenye mikono ambayo watoaji damu walisema haiumizi. Tukapatana hivi: mashine yake ikinyamaza, nitampigia kwa simu ya ndani, yeye atang'oa plagi ukutani, ataniambia ameng'oa, ndipo mimi niiruhusu ya kwangu ichukue kazi. Tulijaribu mara tatu siku za jua, na mara zote tatu ilikwenda vizuri.

Kuna jambo moja sikulifikiria, nami nimezaliwa nalo. Kwetu ukimwita mtu dirishani atakujibu nimekuja, na bado ameketi anamalizia chai. Ukimwomba mtu akufungie mbuzi atakuambia ameshafungwa, halafu ndipo anainuka kutafuta kamba. Anayesema hivyo hasemi uongo. Ni namna ya kumtua mwenzako mzigo wa wasiwasi mapema, kwa kuwa jambo utalifanya tu. Na upande wa pili, ukishaambiwa na mtu mwenye umri wa baba yako kwamba amefanya, humuulizi tena. Kumuuliza mara ya pili ni kumwambia kwamba neno lake halitoshi.

Siku yenyewe, kikundi cha waumini wa kanisa moja la Otonglo kilikuja kutoa damu. Walikuja wengi, wameketi kwenye benchi za veranda wakiimba. Mimi nilikuwa maabara na mkuu wangu. Vipimo vya mifuko arobaini ya siku zilizotangulia vilikuwa vimekamilika, na kifaa cha kusomea kilikuwa tayari kupeleka matokeo kwenye rejista. Mashine iliyokuwa ikiandika siku hiyo ni ile ya upande wa mzee, yangu ikisubiri. Saa tisa mvua ilishuka kutoka milima ya Nandi kama ilivyo desturi yake, na mabati yakaanza kupiga kelele hata ukawa humsikii mtu aliye mezani pako.

Maji yaliingia darini na kuugusa ule waya mwembamba. Kioo changu kikaganda, kisha kikaandika kwamba mwenzangu haonekani, na kuniuliza kama nichukue kazi. Matokeo ya mifuko arobaini yalikuwa yanasubiri. Nikainua simu.

"Mzee, mashine yako imenyamaza. Naomba ung'oe plagi."

"Nimeng'oa, nyathina. Usiwe na wasiwasi. Endelea tu."

Nyathina kwa Kijaluo ni mtoto wangu. Aliniita hivyo siku zote. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshughulika, lakini nani hakuwa ameshughulika siku ile? Veranda ilikuwa na urefu wa hatua thelathini hivi. Ningeweza kwenda kuona kwa macho yangu. Ila mvua ilikuwa ikipigwa na upepo hadi ukutani, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi nilivyovinunua wiki ileile. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilivitazama viatu vyangu, nikarudi kwenye kioo, nikabonyeza ndiyo.

Nilikuja kujua baadaye kilichokuwa upande wa pili. Msichana mmoja mtoaji alikuwa amezimia kitini, na mzee alinijibu simu akiwa amemshika kichwa kwa mkono mwingine. Alipomlaza na kumwona amefumbua macho, watu watatu walikuwa wamesimama mlangoni wameloa, wanatetemeka. Akawaandikisha kwanza wakae mahali pakavu. Mashine yake ilikubali kila kitu, kwa kuwa kwa upande wake hakukuwa na tatizo lolote. Kisha akakumbuka, akaenda, akang'oa plagi kama alivyoahidi. Zilipita dakika kumi, labda na moja. Katika dakika hizo mashine mbili ziliandika kwenye diski moja, na hakukuwa na kura ya pili ya kuizuia hata mojawapo, kwa sababu kura hiyo niliifuta mimi.

Hatukujua. Matokeo yakaingia, kioo kikaonyesha kwamba yamepokelewa, mkuu wa maabara akazimwagia sahani za vipimo dawa kama utaratibu ulivyotaka. Zamani alikuwa na daftari kubwa jekundu alimoandika kila kitu kwa mkono. Mimi ndiye niliyemwambia aliache. Nilimwambia, Mama, mashine mbili hazishindwi na daftari.

Saa kumi na nusu hivi karatasi ikaja kutoka wodi ya wazazi. Mwanamke mmoja kijana kutoka Sondu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na damu ilikuwa inatoka kupita kiasi. Walihitaji mifuko miwili ya kundi O hasi, ambalo kwetu ni adimu. Mkuu wa maabara alifurahi, maana katika ile arobaini ilikuwemo miwili hasa. Akatoa wa kwanza kwenye friji, akasoma namba, nami nikaiita kwenye kioo ili tuone neno safi.

Neno lilikuwapo. Lakini mstari ulisema mtoaji ni mwanamke wa kundi A. Mfuko uliokuwa mkononi mwa Mama, mkuu wangu, ulikuwa wa mwanamume wa kundi O hasi.

Akaniambia niite namba ya pili. Ile nayo ilisema mtoaji ni mtu aliyetoa damu mchana huohuo, damu ambayo ilikuwa haijapimwa hata kidogo, na mbele yake limeandikwa neno safi. Nikaita ya tatu, ya nne, ya kumi. Majina ya hawa yalikuwa yamekaa juu ya matokeo ya wale. Nikaketi bila kuambiwa.

"Hii safi," Mama aliuliza akikigusa kioo kwa kidole, "ni safi ya nani?"

"Sijui, Mama."

"Ilikuwa na chafu ngapi leo?"

"Nilipoyaona yakipita yalikuwa matatu. Namba sikuzishika."

Aliufunga mlango wa friji na kuweka ufunguo mfukoni mwa koti lake. Kisha alifanya mambo yote yanayostahili kufanywa, kwa haraka na bila kupiga kelele. Alichukua sampuli za mifuko ile miwili akaanza kuzipima upya, kazi ya karibu saa tatu kwa vifaa tulivyokuwa navyo. Akalinganisha damu hiyo na ya mgonjwa, ili majibu yakitoka isipotee hata dakika. Gari likatumwa hospitali nyingine upande wa pili wa mji, likarudi bila kitu, kwa kuwa nao hawakuwa na kundi hilo. Mume wa mgonjwa alijitolea mkono, lakini kundi lake halikufaa. Mimi nami nilipimwa. Halikufaa.

Daktari alikuja mwenyewe maabara akiwa ameloa mabega. Sheria yetu ilitaka sahihi mbili ili damu itoke, yake na ya mkuu wa maabara.

"Ameshikilia kwa sasa," alisema. "Pressure si nzuri lakini inasimama. Sasa niambieni. Nimpe au ningoje?"

Mama alinigeukia. "Huyu ndiye anajua mashine. Akisema mfuko fulani ni safi, mimi naweka sahihi saa hii."

Wote wawili walinitazama. Ningeweza kulisema neno lile. Uwezekano ulikuwa upande wangu, kwa kuwa machafu yalikuwa matatu tu kati ya arobaini, na mtu yeyote wa kubahatisha angesema ni safi. Nilitamani kulisema kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini nilikuwa sijui. Na enzi zile kumtia mtu damu ya ugonjwa ule, mama anayenyonyesha mtoto wa saa mbili, ilikuwa ni kuwaandikia wote wawili kifo kwa kalamu moja.

"Siwezi kusema," nikamjibu. "Sijui."

Daktari alifuta uso. "Basi tungoje kipimo. Akishikilia hivi, tutafika."

Hakuna aliyekosea katika mazungumzo yale, nimeyarudia mara nyingi kichwani na bado naona hivyo. Kosa lilikuwa limeshafanyika, na lilikuwa limekaa kimya miezi mingi likinipatia sifa.

Tulingoja. Mvua ilikatika, jua la jioni likatoka, na wale watu wa Otonglo wakaondoka wakitushukuru. Nilijaribu kuchambua diski, mstari kwa mstari, nikitafuta mabaki ya matokeo ya kwanza chini ya yale yaliyoandikwa juu yake. Nilipata vipande, lakini havikutosha kuamulia maisha ya mtu. Mzee alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Alisema, "Nilikuambia nimezima ili usihangaike. Nilikuwa nazima." Nikataka kumkaripia, lakini nilipomtazama niliona kwamba anangoja nimkaripie. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye kiti cha pembeni na mikono yake mapajani.

Zilikuwa zimebaki kama dakika arobaini kipimo kikamilike wakati daktari alipoingia akikimbia. Mgonjwa alikuwa ameanza tena kutokwa damu, kwa ghafla, na safari hii hakuna kilichokuwa kinasimama. Daktari hakuuliza swali wala hakutafuta kalamu. Mama alimfungulia friji kabla hajafika kwenye meza. Daktari alichukua mifuko yote miwili na kukimbia nayo kwenye veranda, na mimi nilimfuata, sijui kwa nini, sikuwa na kazi yoyote kule.

Mfuko wa kwanza ulitundikwa. Nilisimama nje ya mlango wa wodi nikaona kupitia kioo damu ikianza kushuka kwenye mpira. Haikufika hata robo. Muuguzi mmoja aliangalia saa yake ya kifuani, na daktari akarudi nyuma hatua moja akashusha mikono. Mama mkwe wa yule binti alipiga ukemi mmoja mrefu, na wanawake wengine wa wodi ile, waliokuwa wagonjwa wenyewe, wakaanza kumpokea kutoka vitandani mwao. Mtoto alikuwa amelala mikononi mwa muuguzi, amefungwa shuka ya hospitali.

Nilirudi maabara. Majibu yalitoka muda mfupi baadaye. Mama aliyasoma, akaninyooshea karatasi, akaenda dirishani.

Yaliyofuata hospitalini yalikwenda kama yanavyokwenda. Niliandika ripoti, nikaandika kila kitu, pamoja na ile kura niliyoifuta. Kompyuta ndogo ilirudishwa kutoka kwa katibu siku ya pili, na hakuna aliyecheka. Kisanduku cha swichi kilifika. Mama alirudia daftari lake jekundu, na kila jioni tulikaa pamoja tukisomeana namba, yeye daftarini na mimi kwenye kioo. Mzee aliomba kustaafu kabla ya muda wake. Nilimsihi asiende, nikamwambia kosa ni langu. Akasema anajua ni langu, na ni lake pia, na tusigombanie.

Mume alikuja baada ya mwezi mmoja na zaidi. Alikuwa mkulima, kijana wa umri wangu, amevaa koti zito mchana wa joto. Alikuwa ameuliza wodini akaelekezwa kwa Mama, na Mama akamleta mezani pangu, akavuta kiti akakaa naye ili nisiachwe peke yangu.

"Niliambiwa damu ilikuwa kwa friji," alisema.

"Ilikuwapo."

"Ya kundi yake?"

"Ndiyo. Mifuko miwili."

"Na hamkumpa kwa sababu hamkujua kama iko na ugonjwa."

"Rejista iliharibika. Tulikuwa na mashine mbili, zikaandika kwa wakati mmoja, zikavuruga majina. Mimi ndiye niliyeondoa kizuizi. Si daktari, na si huyu Mama. Ni mimi."

Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na nilimwona akilipanga jambo lile kichwani hadi akafika mahali nilipokuwa naogopa afike.

"Baadaye mlipima?"

"Tulipima."

"Ikakuwa aje?"

Mama alinitazama. Nadhani angenisamehe kama ningesema vingine. Mtu yule alikuwa ameshazika, na jibu la kumpunguzia uchungu lilikuwa rahisi, lilikuwa pale ulimini.

"Ilikuwa safi," nikasema. "Yote miwili."

Hakulia. Aliweka kiganja juu ya meza yangu, akakiangalia, kana kwamba anahakikisha meza ipo. Nilianza kumwomba msamaha, na maneno yakanitoka ovyo, ya Kiswahili na ya Kijaluo, nikajikuta nalia mimi mbele ya mtu aliyefiwa, jambo la aibu kabisa. Aliningoja nimalize.

"Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe," alisema. "Anakunywa vizuri. Ako na mama yangu."

"Ashukuriwe Mungu," Mama alisema.

"Siku moja ataniuliza mama yake alikufa aje. Mimi mambo ya mashine siwezi kueleza. Nitamleta hapa, halafu wewe umwambie. Umwambie vile umeniambia mimi."

"Nitamwambia."

"Usimwambie vingine."

"Sitamwambia vingine."

Akasimama, akatupa mkono sote wawili, akasema ero kamano, yaani asante, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka uwanja kuelekea lango, koti lake mkononi.

Nilipewa nafasi za kwenda Nairobi mara mbili, penye mashine kubwa zaidi na watu wa kunielewa, nikazikataa, na rafiki zangu wakaniona mjinga. Mama alifariki, na mzee pia. Nami nimestaafu, naishi Kondele, dakika chache tu kwa mguu kutoka hospitali ile, na kwenye lango nimeacha jina langu na mahali ninapokaa. Kila mlinzi mpya akiajiriwa naenda kumpa upya. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, huenda naye ana watoto wake. Bado hajaja.